Jinsi ya kupima tofauti ya kipato: mwongozo kutoka Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayetaka kujua kama pengo la kipato kati ya wakazi wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe linapanuka au linapungua atagundua mapema kwamba hesabu yenyewe ni ya nusu saa, na kwamba miezi yote iliyobaki huenda katika kutafuta safu moja ya tarakimu inayoeleza kwa ukweli kile ambacho kila kaya inaishi nacho. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, ofisa mipango wa halmashauri au mtumishi wa asasi aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Nimekuwa mdadisi wa kaya, na baadaye msimamizi wa wadadisi, katika mikoa hii; karibu makosa yote niliyoyaona yalifanyika juu ya kigoda, mbele ya mhojiwa, wala si kwenye kompyuta. Kwa hiyo nitakaa huko zaidi.

Mapato au matumizi

Uamuzi wa kwanza ni kama utapima mapato au matumizi. Katika nchi ambako watu wengi hulipwa mshahara, mapato hupatikana kwenye hati ya malipo au kwenye kumbukumbu za kodi. Huku kwetu mambo ni tofauti. Mwenye shamba la paina Mufindi hupanda leo na kuvuna baada ya miaka kumi na zaidi. Ukimhoji mwaka mmoja kabla ya kuvuna utamwandika fukara, ukimhoji mwaka wa kuuza mbao utamwandika tajiri, ilhali chakula chake, nyumba yake na ada za watoto wake hazikubadilika kiasi hicho. Mkulima wa mpunga wa Usangu hupata fedha kwa mkupuo mmoja au miwili kwa mwaka. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, na kilo hupungua baridi inapozidi na mvua zinapokatika.

Matumizi hayayumbi kiasi hicho, kwa sababu kaya hujisawazisha: huweka akiba, hukopa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, huuza mbuzi, hula mahindi yaliyo ghalani. Ndiyo sababu Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukadiria umaskini na tofauti kwa kutumia matumizi, ingawa utafiti wake mkubwa huitwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Utafiti wa 2017/18 ulilenga kaya 9,552 za Tanzania Bara, na ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ambao ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 28.2.

Kumbuka kwamba umaskini na tofauti ni mambo mawili. Katika kipindi hicho hicho ambacho asilimia ya maskini ilipungua kidogo, kipimo cha tofauti kiitwacho Gini, chenye namba kati ya sifuri (wote sawa) na moja (mmoja anamiliki vyote), ambacho Benki ya Dunia huichapishia Tanzania, kilipanda kutoka 0.378 mwaka 2011 hadi 0.405 mwaka 2018. Mtu anaweza kuvuka mstari wa umaskini huku aliye juu yake akikimbia mbele zaidi.

Jihadhari pia na kulinganisha. Matumizi huonyesha pengo dogo kuliko mapato, kwa kuwa tajiri hatumii kila anachopata. Takwimu za Brazili hutokana na mapato, zetu hutokana na matumizi. Anayeziweka kwenye jedwali moja bila maelezo anawapotosha wasomaji wake.

Kaya na vichwa vyake

Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mume mwenye wake wawili wenye majiko mawili ana kaya mbili, naye huandikwa katika moja tu, ile anayoishi zaidi. Kijana aliyeko Dar es Salaam anayetuma fedha kwa simu si mwanakaya, lakini fedha anazotuma ni za kaya. Haya yaamuliwe kabla ya kwenda kijijini, yaandikwe, na wadadisi wote wayafuate kwa namna moja.

Baada ya hapo, gawanya. Chukua bibi wa Tukuyu anayelea wajukuu watano kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na kijana wa bodaboda wa Mwanjelwa jijini Mbeya anayeishi peke yake kwa shilingi 150,000. Ukilinganisha kaya kwa kaya, bibi anamzidi kijana mara mbili. Ukigawanya kwa vichwa, kila aliye nyumbani kwa bibi ana shilingi 50,000, na kijana anamzidi mara tatu. Kwa kuwa mtoto hali sawa na mtu mzima, watafiti hutumia vizio vya mtu mzima: kila mtu hupewa uzito kulingana na umri, na mara nyingi jinsia. Mjukuu akihesabiwa nusu ya mtu mzima, nyumba ya bibi ina watu wazima watatu na nusu, na kila mmoja anapata karibu shilingi 86,000. Vizio vyovyote utakavyochagua, vitaje waziwazi, na usivibadilishe katikati ya kazi. Kisha, unapokokotoa, kila kaya ihesabiwe mara nyingi kadiri ya watu wake, kwa maana tunapima maisha ya watu, si ya mapaa ya nyumba.

Kuipata tarakimu kwa mhojiwa

Nilipokuwa mgeni katika kazi, nilimuuliza mama mmoja wa Rungwe kama dodoso lilivyoniagiza: “Mama, kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?” Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu, mimi kipato sina. Mimi mkulima tu.” Nikaandika sifuri, nikashukuru, nikaondoka. Nyuma yake, ukutani mwa jiko, mikungu mitatu ya ndizi ilikuwa imeegemezwa ikisubiri gari, na ng’ombe wa maziwa alikuwa akicheua bandani. Jioni msimamizi wangu aliiona ile sifuri, akacheka, akanirudisha kesho yake asubuhi.

Safari hiyo nilianza kwa kuuliza: “Jana mlikula nini?” Tukatoka kwenye chakula cha jana hadi cha wiki nzima, tukauliza kila kitu kilitoka wapi, kilikuwa kiasi gani, na kama angekinunua pale kijijini angelipa shilingi ngapi. Tukahesabu lita za maziwa zilizokwenda kwa mnunuzi na zilizobaki kwa watoto. Tukahesabu sabuni, chumvi, vocha, nauli ya kwenda zahanati, mchango wa msiba, sare za shule. Saa moja na nusu baadaye, mama asiye na kipato alikuwa na matumizi ya zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, ambayo zaidi ya nusu haikuwahi kupita mkononi mwake kama fedha.

Usiulize, basi, kipato kwa mkupuo. Uliza vitu, kimoja kimoja, na uweke kipindi cha kukumbuka kinachofaa: siku saba kwa chakula, mwezi mmoja kwa vitu vidogo vidogo, mwaka mzima kwa ada, nguo na matibabu makubwa. Chakula cha shambani kipewe bei ya pale pale kijijini, wala si bei ya sokoni Mwanjelwa ambayo tayari imebeba nauli na faida ya mchuuzi. Vinunuliwavyo mara moja katika miaka mingi, kama pikipiki, visiingizwe kwa bei nzima katika mwaka wa kununuliwa. Kadiria tu sehemu iliyotumika mwaka huo. Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe naye anatumia makazi, hivyo kadiria angelipa kodi kiasi gani kama angepanga. Vijijini, ambako hakuna anayepanga, makadirio hayo ni ya kubahatisha, na binafsi naona ni heri kuyaacha kwa kaya zote kuliko kuyabuni kwa baadhi.

Vipimo ndivyo vitakavyokupa taabu zaidi. Viazi huuzwa kwa gunia, lakini gunia hilo mara nyingi ni lumbesa, lenye kichwa kilichoshonwa kwa kamba juu ya mdomo. Mwaka mmoja tulizidisha magunia yote ya viazi kwa kilo 100, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria, hadi mzee mmoja wa Uporoto aliponisogeza kando akaniambia nipime kwanza ndipo niandike. Gunia la kwanza tuliloliweka kwenye mizani lilipita kilo 130. Tukarudia eneo zima. Mahindi huhesabiwa kwa debe na sado, ndizi kwa mkungu, mboga kwa fungu, na fungu la Mafinga silo fungu la Kyela. Nunua mizani ya kuning’iniza, pima kila kipimo katika kila soko mara kadhaa, tengeneza jedwali la kilo kwa kila eneo, ndipo uwape wadadisi. Dodoso liandike kipimo alichokitaja mhojiwa mwenyewe. Kubadilisha kuwe kazi ya ofisini.

Jambo la majira ni fupi lakini halina mjadala. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Januari hadi Machi maghala yanakaribia kwisha na bei ya debe la mahindi imepanda. Kuanzia Juni mavuno yameingia na kila mtu anaonekana ana nafuu. Wapo ambao majira yao ni kinyume: mgema ulanzi (pombe ya mianzi) wa Iringa hupata fedha wakati wa mvua, mianzi inapotoa. Utafiti wa taifa hugawanya kaya zake katika miezi 12 kwa sababu hiyo hiyo. Usipomudu mwaka mzima, fanya mizunguko miwili, Februari na Agosti, ukizirudia kaya zile zile.

Nani anaingia kwenye orodha

Omba barua ya halmashauri, ipitishe kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, kisha pata orodha ya kaya zote za kitongoji ulichochagua kwa bahati nasibu. Orodha ya mwenyekiti ihakikiwe kwa miguu, kwa kuwa wapangaji, vibarua wa msimu na wanaoishi pembezoni huachwa. Usikubali uchaguliwe “watu wanaojua kujieleza”. Anza kwa salamu inayostahili, na ukiwa Iringa “kamwene” hufungua mlango haraka kuliko kitambulisho. Kisha eleza wazi kwamba hukuja kuandikisha wanufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, wala kukadiria kodi. Usipolisema hilo, maskini atapunguza kidogo alichonacho ili asaidiwe, na tajiri atapunguza kingi ili asiguswe.

Hapa ndipo vipimo vingi vya tofauti huvuja. Wa chini anapatikana, anakukaribisha, anakupa kigoda. Wa juu ana geti, na getini kuna kijana anayesema mzee amesafiri. Anayekubali kuhojiwa hutaja nusu. Wapo pia ambao hawamo kabisa katika eneo lako: mashamba kadhaa ya miti ya Mufindi na Njombe, na ya parachichi pia, ni ya watu wanaoishi Dar es Salaam, hivyo faida ya ardhi ya kijiji hutumiwa mbali na kijiji na haitaonekana katika kaya yoyote utakayoihoji. Tiba kamili haipo kwa mtafiti wa wilaya. Unachoweza kufanya ni kuyatenga maeneo yenye wenye uwezo, kama Forest jijini Mbeya au Gangilonga mjini Iringa, kuchukua humo kaya nyingi kuliko idadi yao inavyostahili, kurudi getini mara tatu kwa saa tofauti, kisha kuzipunguzia uzito kaya hizo wakati wa kukokotoa ili zisizidi nafasi yao halisi. Hata baada ya hayo, andika kwenye ripoti ni wangapi waliokataa na walikataa wapi, na useme kwamba pengo halisi huenda ni kubwa kuliko ulilolipima.

Hesabu yenyewe

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Mwitaliano Corrado Gini, cha mwaka 1912, nacho kinahusiana na mchoro uliobuniwa na Mmarekani Max Lorenz mwaka 1905. Sifuri maana yake wote wako sawa. Moja maana yake mmoja anamiliki vyote. Tuchukue watu watano wa kufikirika, kwa matumizi ya mwezi, tukiwapanga kutoka wa chini: shilingi 40,000, 60,000, 80,000, 120,000 na 300,000. Jumla ni 600,000.

Kwa mchoro wa Lorenz, jumlisha ukipanda. Mtu wa kwanza ana asilimia 6.7 ya vyote. Wawili wa chini wana 16.7, watatu wana 30, wanne wana 50, wote watano wana 100. Weka asilimia ya watu kwenye mhimili wa chini na asilimia ya matumizi kwenye mhimili wa wima. Kama wote wangekuwa sawa ungepata mstari mnyoofu wa mshazari. Mchoro wako unalegea chini yake kama kamba ya kuanikia nguo. Gini ni eneo lililo kati ya kamba na mstari, likigawanywa kwa eneo lote lililo chini ya mstari.

Kwa tarakimu, zidisha matumizi ya kila mtu kwa nafasi yake katika foleni: 40,000 mara 1, 60,000 mara 2, 80,000 mara 3, 120,000 mara 4, 300,000 mara 5. Jumla yake ni 2,380,000. Izidishe kwa 2, upate 4,760,000. Igawanye kwa idadi ya watu mara jumla ya matumizi, yaani 5 mara 600,000, ambayo ni 3,000,000, utapata 1.587. Toa idadi ya watu ikiongezwa moja na kugawanywa kwa idadi hiyo, yaani 6 kwa 5, ambayo ni 1.2. Jibu ni 0.387. Excel inaimaliza kazi hiyo kwa safu tatu. Kwa sampuli yenye uzito tofauti kwa kila kaya, tumia programu ya takwimu kama R au Stata, ambazo huupokea uzito huo bila shida.

Sasa tuwarudie watu wale wale watano na yale tuliyoyaona vijijini. Aliye juu akitaja 180,000 badala ya 300,000, Gini inashuka hadi 0.283. Mdadisi akisahau chakula cha shambani kwa watatu wa chini, wakaandikwa 15,000, 30,000 na 55,000, huku tajiri akisema kweli, Gini inapanda hadi 0.508. Karani akiongeza sifuri moja kwa bahati mbaya, 300,000 ikawa 3,000,000, inakuwa 0.725. Watu ni wale wale, maisha ni yale yale, na majibu yanatosha kuelezea nchi nne tofauti. Kabla ya kukokotoa chochote, panga tarakimu zako na uzikague kumi za juu na kumi za chini moja moja, ukiwa na dodoso mkononi.

Kabla ya hapo pia, sawazisha bei. Shilingi 100,000 hainunui kikapu kile kile Kyela na Chunya, wala Februari na Agosti. Kadiria gharama ya kikapu kimoja cha chakula kwa kila eneo na kila mzunguko, kisha gawanya matumizi kwa kiwango hicho.

Usitegemee Gini peke yake. Inaguswa zaidi na mabadiliko ya watu wa katikati, na wasomaji wengi hawajui 0.38 ni kubwa au ndogo. Ongeza uwiano unaoitwa kwa jina la mchumi wa Chile, José Gabriel Palma: sehemu ya matumizi ya asilimia 10 ya juu, ikigawanywa kwa sehemu ya asilimia 40 ya chini. Mwenyekiti wa kijiji anauelewa mara moja. Kama unataka kujua ni kiasi gani cha pengo kiko kati ya wilaya na kiasi gani kiko ndani ya wilaya, tumia kipimo cha Henri Theil, kwa kuwa hugawanyika bila mabaki, yaani sehemu hizo mbili zikijumlishwa hurudisha kipimo chote. Mara nyingi sehemu ya ndani ndiyo kubwa: tajiri na maskini ni majirani wa kitongoji kimoja, mmoja ana bonde la umwagiliaji, mwingine analima kilimani.

Kulinganisha na zamani

Anayelinganisha mikoa kwa miaka atazame ramani kwanza. Njombe ilitengwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa kutoka Mbeya mwaka 2016. “Iringa” ya utafiti wa 2000/01 ina Makete, Ludewa na Njombe ndani yake. Ya 2017/18 haina. Nimewahi kusoma ripoti iliyosifu kupungua kwa tofauti mkoani Iringa, wakati kilichopungua kilikuwa mkoa. Ukiwa na data za kaya, zipange upya kwa wilaya za zamani. Usipokuwa nazo, unganisha mikoa miwili ya sasa na uilinganishe na mmoja wa zamani.

Angalia pia kama dodoso lilibadilika. Orodha ndefu zaidi ya vyakula au kipindi kingine cha kukumbuka hubadilisha matumizi yaliyoripotiwa hata kama sahani hazikubadilika. Mwisho, ipime shaka yako: kwa programu ile ile, chagua kaya upya kutoka kwenye sampuli yako, ukiruhusu kaya moja kuchaguliwa zaidi ya mara moja na ukifuata maeneo kama yalivyochaguliwa awali, ukokotoe Gini, na urudie mara 1,000. Asilimia 95 ya majibu ya katikati ndiyo kiwango chako cha uhakika. Ikiwa mwaka jana ulipata 0.36 na mwaka huu 0.38, na viwango hivyo viwili vinaingiliana sana, andika kwamba hukupata ushahidi wa badiliko, hata kama aliyefadhili utafiti alikuwa anangoja kichwa cha habari.

Matokeo hayo usiyaite takwimu rasmi, kwa sababu kisheria jina hilo lina wenyewe. Majina na namba za simu za kaya yatenganishwe na data siku ile ile yanapofika ofisini, na nakala fupi ya matokeo, kwa Kiswahili na bila kumtaja mtu, irudishwe kwa mtendaji wa kijiji kabla haijapelekwa mkoani.